Bikira Maria wa plasta aliyeachwa na babu: je, ni kazi ya Donatello?

Swali

"Shikamoo mtaalamu. Babu yetu alikuwa katekista kwenye misheni moja mkoani Ruvuma. Padre Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao alimwachia sanamu ya ukutani ya Bikira Maria amemkumbatia Mtoto Yesu, pua kwa pua. Babu aliitundika sebuleni maisha yake yote, na kila jioni baada ya rozari aligusa mkono wa Bikira Maria ndipo akaenda kulala. Sasa imekuja kwangu. Nimeipima: kimo sentimita 37, upana 35. Ni ya plasta, imepakwa rangi ya hudhurungi, na palipobanduka panaonekana weupe. Nyuma kuna nyuzi kama za kamba ya mkonge, na kitanzi cha waya kilichoshika kutu. Mfanyabiashara mmoja ameiona, anasema ni kazi ya Donatello wa Italia, ina miaka mia sita, na yuko tayari kuinunua. Mjomba anasema ni bandia tupu. Dada yangu anataka kuiosha kwa sabuni na kuipaka rangi upya. Wadogo zangu nao wanauliza kama zinaweza kutolewa nakala ili kila mmoja awe na yake. Ukweli ni upi, na niitunzeje?"

Jibu

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na babu. Nakupa jibu kwanza, maelezo yafuate. Sanamu yako haikutengenezwa na mkono wa Donatello, wala haina miaka mia sita. Lakini mjomba naye hajapatia anapoiita bandia. Na dada, tafadhali, aweke sabuni chini leo hii, kabla hajamaliza kusoma.

Picha ulizotuma zinaonyesha bila shaka ni mchongo upi ulionakiliwa. Unaitwa Bikira wa Pazzi. Asili yake ni ya marumaru, na Donatello, mchongaji wa karne ya 15, aliichonga katika mji wa Firenze, Italia, mnamo miaka ya 1420. Pazzi ni jina la ukoo wa matajiri wa mji huo, na jumba lao ndilo linalotajwa kuwa makao yake ya zamani. Mwaka 1886 ulinunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya Berlin, na leo uko huko katika jumba la Bode.

Utazame tena ukiwa na utulivu, maana pengine umeuzoea mno kiasi cha kutouona. Watakatifu wengi wa zama zile wana duara la utakatifu kichwani. Hawa wawili hawana. Mama amemwinamia mwanawe mpaka paji la uso na pua vikagusana. Mkono wake ni mkubwa kuliko unavyotarajia, mkono wa mtu anayebeba mtoto mzito kila siku. Wote wawili wamo ndani ya fremu kama dirisha, na kingo za dirisha hilo zimechongwa kana kwamba tunalitazama tukiwa chini yake. Uso wa Bikira hauna furaha. Wafasiri wengi husema anajua kitakachompata mwanawe, nami nakubaliana nao kila ninapouona.

Michongo ya aina hii haijitengi na ubao wake kama sanamu ya kusimama. Inainuka kidogo tu, kama kichwa cha Karume kwenye sarafu ya shilingi 200. Donatello aliipeleka sanaa hiyo mbali kiasi kwamba kina cha milimita chache kilimtosha kukuonyesha mtu, nyuma yake ukuta, na nyuma ya ukuta anga. Waitalia huita namna hiyo stiacciato, yaani iliyobonyezwa. Kumbuka neno hilo, kwa sababu ndilo linalofanya sabuni ya dada iwe hatari, nitalirudia.

Sasa vipimo. Umenisaidia sana kwa kupima, maana wengi huniletea picha ya simu na kuniuliza bei. Marumaru ya Berlin ina kimo cha sentimita 74.5 na upana wa sentimita 69.5. Gawa kwa mbili: 37 na robo, kwa 34 na robo tatu. Yako ni nusu yake kamili.

Hilo peke yake linamaliza hoja ya mfanyabiashara. Kalibu haina uwezo wa kupunguza kitu. Ukitoa kalibu juu ya jiwe na kumimina plasta ndani yake, kitakachotoka kina vipimo vya jiwe lile; kwa kweli plasta hutanuka kidogo sana inapoganda, na kutanuka huko ndiko kunakoisukuma iingie hata kwenye mkunjo mwembamba wa kope. Udongo ndio unaosinyaa. Ukikauka kisha ukachomwa, unaweza kupungua hadi karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo nakala ya udongo wa kuchoma huwa ndogo kidogo kuliko asili yake. Hakuna udongo unaosinyaa mpaka nusu. Ili upate nusu iliyo sawasawa kila upande unahitaji mashine, na mashine hiyo ilikuja miaka ya 1830, alipoibuni Mfaransa Achille Collas. Sindano butu ilipita juu ya kila tuta na bonde la sanamu kubwa, na kisu kilichofungwa kwenye mkono uleule wa chuma kilikata umbo lilelile kwa udogo. Kutoka kwenye kielelezo hicho kidogo ndipo fundi alipotoa kalibu na kumimina nakala.

Halafu kuna nyuzi. Mkonge ni mmea wa Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na habari zake zilizobaki watu wa Tanga na Morogoro wanazijua kuliko mimi. Donatello alikufa mwaka 1466, miaka 26 kabla Columbus hajavuka bahari. Hakuna mtu wa Firenze wa siku zake aliyewahi kuushika unyuzi wa mkonge. Kutia kitambaa na nyuzi ndani ya plasta ili iwe nyembamba na isivunjike kuliingia katika biashara baada ya 1856, mwaka ambao Alexandre Desachy alisajili hataza ya ufundi huo Uingereza. Mkonge kwa wingi ulifuata baadaye, katika karne ya 20.

Najua mtu anaweza kuuliza: je, kama nyuzi ziliongezwa nyuma na mrekebishaji, na mbele ni ya zamani? Ni swali zuri, na ndiyo maana sikutegemea ushahidi mmoja. Picha yako ya pembeni inaonyesha nyuzi zimezama ndani ya plasta ileile iliyounda uso; haikupakwa tabaka la pili. Na pale rangi ilipobanduka, chini ya hudhurungi kuna weupe moja kwa moja. Plasta ya karne ya 15 ilipakwa rangi kamili: joho la buluu, gauni jekundu, mashavu yenye damu, dhahabu kwenye pindo. Hata ikipakwa tena mara kumi, palipobanduka huonyesha matabaka kama mkate wa chapati. Yako ina koti moja tu la rangi, lililokusudiwa kuifanya ifanane na udongo uliochomwa. Hayo ndiyo mapambo waliyoyapenda wauzaji wa nakala mwishoni mwa karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ndipo ninapoiweka yako, na nyuzi za mkonge zinanivuta zaidi kwenye karne ya 20.

Basi nije kwa mjomba.

Neno "bandia" linamaanisha kitu kilichotengenezwa ili kudanganya. Noti bandia inataka upokee ukidhani ni ya Benki Kuu. Aliyemimina Bikira wako hakumdanganya mtu, wala padre hakumdanganya babu. Tena kuna jambo ambalo hata wapenzi wengi wa sanaa hawalijui: kunakili michongo ya Bikira Maria kwa plasta ni kazi iliyoanza zama za Donatello mwenyewe, katika mitaa ileile, mara nyingi katika karakana zilezile zilizochonga za marumaru.

Fikiria Firenze ya karne ya 15. Mtawa Mdominiko Giovanni Dominici alikuwa ameshawahimiza wazazi mwanzoni mwa karne hiyo kuweka nyumbani picha na sanamu za Mtoto Yesu na mama yake, ili watoto wakue wakizitazama na kujifunza. Kila nyumba ilimtaka Bikira chumbani. Marumaru ilikuwa ya matajiri, kwani kipande kimoja kilichukua miezi ya mchongaji. Kwa hiyo mafundi walitoa kalibu juu ya mchongo uliopendwa wa Desiderio da Settignano au Antonio Rossellino, wakatoa nakala za plasta, za udongo wa kuchoma, hata za karatasi iliyolowekwa na kugandishwa kwa gundi. Nakala nyeupe ilipelekwa kwa mchoraji. Mchoraji Neri di Bicci aliandika daftari la kazi zake kuanzia 1453 hadi 1475, na humo ameorodhesha Bikira wa plasta aliowapaka rangi na dhahabu kwa wateja wake, kama fundi wa leo anavyoandika meza na vitanda alivyouza. Hakuona aibu yoyote. Kwake ilikuwa kazi halali, na kwa mteja ilikuwa Bikira Maria wa nyumbani.

Donatello mwenyewe alitoa ruhusa ya kunakiliwa kwa namna ambayo kila nikiifikiria hunigusa. Tarehe 27 Agosti 1456 daktari Giovanni Chellini aliandika kwenye daftari lake kwamba Donatello, ambaye alikuwa akimtibu, amempa duara la shaba nyeusi lenye Bikira, Mtoto na malaika, pana kiasi cha sahani ya chakula. Akaongeza kwamba upande wa nyuma umechimbwa, ili kioo kilichoyeyushwa kikimiminwa humo kitoe picha ileile iliyo mbele. Yaani mgonjwa alimlipa daktari wake kwa mchongo na kalibu yake vikiwa kitu kimoja! Duara hilo lipo hadi leo; jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London lililipata mwaka 1976. Msanii mkubwa kuliko wote wa mji wake alimkabidhi mtu kazi akimwambia, kwa vitendo, nenda ukazalishe nyingine.

Na kuna kazi ambazo bila nakala tusingezijua kabisa. Bikira wa Verona, unaohesabiwa kuwa ubunifu wa Donatello, asili yake imepotea. Tunaujua umbo lake kwa sababu nakala za plasta, udongo na karatasi zilitawanyika kwenye nyumba na kuta za barabarani. Karne ya 20 ilirudia somo hilo kwa moto. Mei 1945 mnara wa vita wa Friedrichshain, Berlin, uliokuwa umehifadhi michongo na michoro ya makumbusho ya mji huo, uliungua. Kazi nyingi za Renesansi, yaani zama za Donatello na waliomfuata, ziliangamia au zilitoka zimekatika na kuungua, zikiwemo za Donatello. Sura za baadhi yake zinaonekana leo kwa sababu karakana ya plasta ya Berlin, Gipsformerei, iliyoanzishwa 1819, ilikuwa imeshazitolea kalibu. Bikira wa Pazzi alinusurika.

Karne ya 19 ndiyo iliyozieneza nakala hizi duniani, na hapo nitapita haraka. Mwaka 1867, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, wana wa wafalme 15 wa Ulaya walitia saini mkataba wa kubadilishana nakala za kazi za sanaa kwa ajili ya makumbusho ya nchi zao. Aliyeusukuma alikuwa Henry Cole wa London. Mwaka 1873 jumba lake la makumbusho, ambalo leo ndilo Victoria and Albert, likafungua kumbi mbili kubwa zilizojaa plasta, na bado zipo. Mafundi wa milima ya Lucca, Italia, walitembea Ulaya na Marekani wakiuza vinyago vya plasta vichwani na mikononi; kijiji cha Coreglia Antelminelli kina makumbusho yao. Boston, ndugu wa familia ya Caproni waliuza kwa katalogi, na shule za Marekani zikajaza kuta zao nakala za watoto wanaoimba wa Luca della Robbia, mchongaji mwingine wa Firenze. Wamisionari waliokuja kwetu walitoka katika ulimwengu huo. Masanduku yao yalikuwa na sanamu za plasta za Moyo Mtakatifu, Mtakatifu Yosefu na Mama wa Lurdi, ambazo unaziona hadi leo kwenye makanisa ya zamani. Padre aliyechagua Donatello badala ya hizo alikuwa na jicho lake mwenyewe.

Bandia za kweli zipo, na ni vizuri mjomba azijue ili aone tofauti. Giovanni Bastianini wa Firenze, aliyekufa 1868, alichonga sanamu kwa mtindo wa karne ya 15, na wafanyabiashara wakaziuza kama za kale. Mwaka 1866 jumba la Louvre lilinunua moja wapo, kichwa cha mshairi Girolamo Benivieni, likiamini ni ya Renesansi. Miaka sitini baadaye Alceo Dossena alifanya kazi za namna hiyo mpaka siri ikafichuka mwaka 1928. Katika mikasa yote miwili uongo ulikuwa kwenye maneno ya muuzaji. Sanamu ya Bastianini, ukiitazama kama kazi ya Bastianini, ni nzuri sana.

Kuhusu mfanyabiashara wako, simhukumu nisiyemjua. Huenda ameona picha kwenye simu na kufananisha. Lakini mweleze nilichokuandikia kuhusu vipimo na nyuzi, kisha umsikilize kama bei yake inabaki palepale. Kama hatataka kusikia, basi anajua atakachomwambia mnunuzi anayefuata, na hapo nakala halali ya babu yako itageuzwa kuwa bandia kwa mdomo tu. Usikubali jina la babu yako liingizwe kwenye hadithi hiyo.

Sasa utunzaji, na ndio ninaoutaka usome mara mbili.

Plasta hii ni jasi. Ni ileile inayochimbwa Makanya, ileile jipsamu ya mafundi dari. Jasi ikichomwa kwenye joto la nyuzi kama 150 hupoteza robo tatu ya maji yake na kuwa unga. Ukirudishia maji, unga unayanywa na kugeuka jiwe tena, na katika kugeuka hutoa joto. Aliyewahi kufungwa piopii hospitalini analikumbuka lile vuguvugu mkononi. Usiichanganye na chokaa ya nyumba za Lamu na Unguja: ile huchongwa kwa mkono ikiwa bado laini, kila ua ni la peke yake, na inavumilia unyevu kwa namna ambayo jasi haiwezi.

Jasi iliyoganda bado huyeyuka kwenye maji. Kidogo, kama gramu 2 kwa lita moja, lakini sasa kumbuka lile neno stiacciato. Kwenye mchongo ambao umbali kati ya shavu na ukuta ni milimita chache, hicho kidogo ndicho mchongo wenyewe. Ukisugua kwa sponji yenye maji unafuta kona ya mdomo, unafuta kucha, unafuta ukingo wa ushungi. Isitoshe plasta hunywa maji kama sifongo, na uchafu wa juu unaingia nayo ndani, kisha wakati wa kukauka unarudi kama madoa ya manjano ambayo hayatoki tena. Nalisema hili kwa uchungu. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii nilikabidhiwa malaika mdogo wa plasta aliyejaa masizi ya mishumaa, nikamwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande kwa nia njema kabisa. Alitoka mweupe, na kwa siku mbili nilijisifu. Siku ya tatu alikuwa na mabaka kama ramani, na nywele zake zilizokuwa nyuzinyuzi zilikuwa zimekuwa uji. Mwenye mali hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Tumia brashi. Nunua brashi ya rangi ya manyoya laini, mpya, upana wa vidole viwili. Laza sanamu juu ya blanketi iliyokunjwa, uso juu, na ufagie vumbi polepole kutoka juu kwenda chini, huku ukiligonga vumbi nje ya brashi kila mara. Kama kuna ukungu, iache kwanza mahali pakavu penye hewa kwa wiki nzima, kisha ufagie ukiwa nje na umefunika pua. Usitumie ndimu, siki, mafuta ya taa wala mafuta ya nazi. Kila kimoja nimeshakiona kikitumika. Masizi yaliyogandamana waachie watu wa makumbusho. Ukienda kwao, peleka sanamu yenyewe, kwa sababu picha haitawaonyesha kama rangi imeshikilia au inataka kubanduka.

Kuhusu kupaka rangi upya: koti lile la hudhurungi ndilo lililowekwa na karakana. Rangi ya mafuta ya madukani ni nzito, itajaza mabonde yote madogo na Bikira atakuwa kama aliyevalishwa kinyago. Palipobanduka pawe vivyo hivyo. Weupe ule haudhuru chochote.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ule waya. Chuma kikishika kutu kinavimba, na kikivimba ndani ya plasta kinaipasua. Usiuvute wala kuusokota. Umeshikana na nyuzi na unaweza kung'oa kipande cha mgongo. Uache ulivyo, ila usiutundikie tena. Mwambie seremala akutengenezee kibao cha ukutani chenye ukingo mdogo mbele, sanamu isimame juu yake ikiegemea ukuta, na sehemu ya juu izuiwe na vishikizo viwili vya mbao vilivyovishwa kitambaa. Weka vipande vya kizibo au raba nyuma ili hewa ipite kati yake na ukuta. Chagua ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua. Isikae juu ya jiko wala mahali jua la saa nane linapoingia moja kwa moja, kwa sababu jasi ikipashwa moto mwaka baada ya mwaka hupoteza maji yake taratibu na kuanza kuwa unga. Kikidondoka kipande, hata kama punje ya mchele, kifunge kwenye karatasi safi na uandike tarehe na mahali kilipotoka. Usitumie gundi ya haraka wala saruji. Warekebishaji tunatumia gundi inayoweza kuondolewa tena baadaye bila kuharibu.

Nakala za wadogo zako, ndiyo, zinaweza kupatikana, na Donatello wa duara la Chellini asingewanyima. Lakini si kwa kumwaga silikoni au kupaka udongo juu ya sanamu ya babu. Plasta yenye rangi ya zamani hunywa mafuta ya silikoni na kubaki na doa la kudumu, na wakati wa kubandua kalibu rangi huondoka nayo. Marumaru nyingi za Italia zina madoa hadi leo kutokana na kalibu za karne ya 19. Njia salama ni picha. Kijana mwenye simu nzuri apige picha mia moja au zaidi kuzunguka sanamu, katika kivuli chenye mwanga sawia, kila picha ikiingiliana na iliyotangulia. Programu za kompyuta huziunganisha na kuunda umbo kamili. Umbo hilo linaweza kuchapwa kwa mashine ya uchapaji wa pande tatu, na juu ya kile kilichochapwa ndipo mtoe kalibu ya silikoni na kumimina jasi ya Makanya, mkitia nyuzi za mkonge nyuma kama alivyofanya fundi wa kwanza. Kila nakala iandikwe nyuma mwaka na jina la aliyeitengeneza, ili mjukuu wa mjukuu asiletewe hadithi na mfanyabiashara.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza, ila nimeliona kwenye picha ya nne. Rangi imebanduka puani na kwenye pembe ya chini. Hizo ni ajali za kugongwa, zina kingo kali. Lakini kwenye mkono wa Bikira, juu ya vidole, rangi haikubanduka. Imelika, imekuwa nyembamba polepole mpaka weupe ukachungulia, na pale pana mng'ao wa mafuta ya ngozi. Mahali hapo ni padogo, kama ncha za vidole vitatu. Fagia vumbi la sanamu yote, ila hapo brashi isipite.